Sauti Iliyopenya Ukuta wa Mbao

Dada yangu alianza kutangaza kabla hajang'oka meno ya utoto. Mama akirudi sokoni alimkuta amesimama kizingitini, mwiko ameushika kama maikrofoni. "Na sasa anaingia Mama! Mkono wa kulia vitunguu, mkono wa kushoto mwavuli. Anavua kiatu... kiatu kimegoma, jamani, kiatu kimegoma!" Mama alicheka mpaka akaweka kikapu chini. Baba, ambaye wakati huo bado tulikuwa naye, ndiye aliyemwita Redio. Alisema tofauti kati ya binti yake na redio ya dukani ni moja tu, kwamba ile ya dukani ina kitufe cha kuzimia. Jina likamganda. Majirani wakasahau lile la kwenye cheti, na sisi wenyewe tulilikumbuka siku za kwenda hospitali tu.

Tulilala chumba kimoja, kilichopakana na chumba ambamo Mama alishonea nguo za watu. Mimi nilikuwa mtu wa vitabu. Nikijikunja kitandani kusoma, yeye huketi ukingoni na kunitangaza: "Anafungua ukurasa. Anafungua mwingine. Wasikilizaji, mpaka sasa hakuna goli." Nilimtupia mto. Leo nisingeutupa.

Chuoni alisomea mawasiliano ya umma. Walimfundisha mambo ya mtoa ujumbe na mpokeaji, njia ya ujumbe, na kelele zinazouharibu njiani, naye akarudi likizo na michoro yenye mishale akaibandika juu ya kitanda chetu. Sote tulijua mishale ile inaelekea wapi. Inaelekea studio, taarifa ya habari, na Mama akiwaambia wateja huku pini ziko mdomoni, "Huyo mnayemsikia ni wangu." Alipohitimu alikwenda kituo cha redio kujaribiwa sauti. Wakampa asome habari ya kupanda kwa bei ya saruji. Basi akaisoma, na saruji ikapanda kwelikweli. Ikapanda mbio, ikawapita mabeki, ikabaki na kipa. Mhariri alivua miwani akamwambia, "Binti, sauti unayo. Lakini saruji haina haraka hiyo." Walisema watampigia simu. Mpaka leo hawajapiga.

Wenzake wa darasani wakatawanyika, huyu kwenye kampuni ya matangazo ya biashara, yule kwenye ofisi ya uhusiano ya benki. Redio akabaki nyumbani kushona vifungo vya sare za shule na kuvitangaza kimoja kimoja.

Aliyemtoa hapo ni kijana mmoja wa mtaani kwetu tuliyemwita Kinyozi, kwa sababu alikuwa kinyozi. Alikuja kwa Mama kushonewa koti lake la kazi lililochanika kwapani, akasikia kifungo kikitangazwa chumba cha pili.

"Dada Redio," akaita, "kwetu ukumbini wanatafuta mtu wa kuandika na kuongea."

"Ukumbi wa nini?" Mama akauliza.

"Wa gemu, Mama. Tunashindana. Mimi ndiye nahodha."

"Gemu? Si ni vitu vya watoto?"

"Mama, mimi nina ndevu."

Ukumbi wenyewe ulikuwa duka la fanicha lililokufa. Mwenye nalo aliondoa makabati akaweka kompyuta, safu mbili zinazotazamana, na viti vya plastiki nyuma yake kwa watazamaji. Ghorofani palikuwa na chumba kidogo cha kioo ambamo zamani mhasibu wa fanicha alikaa akiwachungulia wauzaji. Mwenye ukumbi aliwahi kuuza vipuri vya magari, na alijiita Mkurugenzi mapema mno, kabla hajawa na mtu wa kumwongoza. Tukamwita hivyohivyo, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea. Siku ya kwanza alimuuliza Redio, "Umesomea nini?" Akajibu mawasiliano. "Vizuri," Mkurugenzi akasema, "hapa hakuna anayewasiliana."

Na kweli. Kazi ya kwanza ya Redio haikuwa kutangaza. Aliandika matangazo ya mechi ya kuweka mtandaoni, maana yale ya mwanzo yalikuwa yameandikwa na Mkurugenzi mwenyewe na yalisomeka kama hati ya mahakama. Alizungumza na wafadhili, watu wa viyoyozi na wa vinywaji, ambao walitaka kujua kwa nini waweke nembo yao mbele ya vijana waliokaa tu. Akawasuluhisha watazamaji waliotukanana kwenye ukurasa wa ukumbi. Kilichomchosha kuliko vyote ni kuwafundisha wachezaji kuongea. Vijana wale wangeweza kucheza mchana kutwa bila kukosea, lakini ukiwauliza mmeshindaje, wanaangalia viatu.

"Ulijisikiaje pale mwishoni?" Redio anamuuliza mmoja, kamera ikiwa mbele.

"Poa."

"Poa vipi?"

"Poa sana."

Alikaa nao mmoja mmoja nyuma ya ukumbi, kwenye ngazi, akawaambia wamsimulie mechi kama vile anasimuliwa shangazi yao asiyejua lolote. Kinyozi hakuhitaji somo hilo. Mtu anayeshika vichwa vya watu siku nzima anajua kuongea.

Maikrofoni aliipata kwa bahati ya mafua. Mtangazaji wa ukumbi, kijana aliyejaza sentensi zake maneno ya kigeni mpaka babu yake mwenyewe hakumwelewa, siku moja alipotewa na sauti. Redio akapanda kile chumba cha kioo. Mchezo waliokuwa wakishindana ulikuwa wa vikosi viwili katika mji uliobomoka. Kila mchezaji anaona kile tu ambacho askari wake anaona, ila mtangazaji anaona mji mzima kutoka juu, pande zote mbili, nani amejificha wapi na nani anamwendea. Redio hakuwa na msamiati wa kigeni wa kazi hiyo, kwa hiyo akatumia wa nyumbani. "Anamnyatia huyu, anamnyatia kama mtu anayetafuta sukari na mama yupo sebuleni! Mwenzake haoni. Mwenzake anahesabu risasi, maskini, anahesabu mali ya urithi!" Chini, watazamaji walianza kugeuka na kutazama juu kwenye kioo. Yule kijana wa mafua alipopona, Mkurugenzi alimpa kazi ya kamera.

Nilikuwa nikienda naye siku za Jumamosi. Alinipa kazi iliyonifaa kwa sababu haikuhitaji kufungua mdomo. Nilikaa pembeni yake nikisoma maoni ya watazamaji wa mtandaoni na kumsogezea yale mazuri. Ninakumbuka harufu ya kile chumba, vumbi la mbao la miaka ya fanicha ambalo halikuisha hata lifagiliwe vipi, na feni iliyogeuza shingo kama inakataa. Nilidhani mambo yatakuwa hivyo daima.

Lakini malipo yalikuwa ya siku ya mechi tu, na mechi hazikuwa kila siku. Ndipo akaja Mjomba, kaka yake Mama, ambaye tangu Baba afariki alijitwika mzigo wetu bila kuombwa na bila kulalamika. Alikuwa amempatia Redio nafasi kwenye kampuni ya bima, mapokezi na simu, kazi ya kudumu.

"Mjomba, kazi ninayo," Redio akasema.

"Kazi ipi? Ya kupiga kelele watoto wakicheza?"

"Wana ndevu," Mama akasema kutoka kwenye cherehani.

"Ndevu hazimfanyi mtu awe na pensheni, dada yangu." Akamgeukia Redio, sauti ikashuka. "Mwanangu, mimi sikatai. Hao watu wa bima wanangoja jibu Jumatatu asubuhi. Nitapita Jumapili unipe neno lako. Ukikataa, sitaweza kuwarudia tena. Nimeomba sana."

Jumamosi iliyotangulia Jumapili hiyo ilikuwa fainali. Na haikuwa fainali tu. Chama kilichoendesha ligi kilikuwa kinatafuta ukumbi wa kufanyia mashindano ya msimu mzima, na kilikuwa kimemtuma mwamuzi wake kuja kuchezesha na kuangalia. Mkurugenzi alikuwa ameshamwambia Redio wazi kwamba wakipewa msimu, yeye ataajiriwa moja kwa moja, mshahara wa mwezi, mtangazaji na mkuu wa mawasiliano. Wasipopewa, hana la kumwahidi. Kwa hiyo dada yangu alijua Jumamosi ile inaamua Jumapili yake. Asubuhi alikunywa chai akaiacha nusu, na hakutangaza kitu chochote nyumbani. Mama akaniuliza kama anaumwa.

Tulipofika tulikuta chumba cha kioo kimejaa. Wageni wa mfadhili walikuwa wamepelekwa huko na Mkurugenzi ili waone vizuri, wamewekewa vitambaa mezani.

"Sisi tunakaa wapi?" Redio akauliza.

"Nimewatengenezea," Mkurugenzi akasema kwa fahari, akatupeleka chini. Karibu kabisa na safu ya timu ya nyumbani alikuwa amesimamisha ukuta wa mbao nyembamba, na nyuma yake meza, skrini na maikrofoni. "Hamwaoni wachezaji, wachezaji hawawaoni. Safi."

Mwamuzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta la kijivu, ambaye hakutabasamu lakini alisema tafadhali kila baada ya neno. Alikusanya simu za wachezaji wote kwenye bakuli. Alihakikisha picha tunazotuma mtandaoni zinachelewa dakika kadhaa, ili mtu aliyeko nyumbani asije akamtumia mchezaji habari za adui. Akakagua madirisha, akaangalia hata chini ya meza. Ukuta wetu aliutazama akauliza kama wachezaji watavaa hedifoni. Mkurugenzi akasema watavaa. Akatikisa kichwa kukubali. Tulizilinda simu kama mboni ya jicho, na hakuna kati yetu aliyeufikiria ukuta.

Timu ya wageni ilikuwa nzuri. Walipokezana raundi na yetu, hawa wakichukua, wale wakirudisha, mpaka ikabaki raundi moja ya kuamua. Redio alikuwa amepamba moto. Sijawahi kumsikia vile, kabla wala baadaye. Maoni yalikuwa yanapita kwenye skrini yangu kwa kasi nisiyoweza kuisoma.

Raundi ile ya mwisho ikapukutika mpaka wakabaki wawili, Kinyozi wetu na msichana mmoja wa wageni. Msichana alijibanza nyuma ya tangi la maji lililopinduka, bunduki tayari. Kinyozi akawa anapita barabarani, amempa mgongo, hajui lolote. Kwenye skrini yetu tuliwaona wote wawili kama sisimizi kwenye sahani.

Redio akasimama. "Tangini! Yuko nyuma ya tangi, jamani, mgongo uko wazi, huyu mwana amekwisha..."

Na Kinyozi akageuka.

Aligeuka palepale, kama mtu aliyeitwa jina. Hakutazama kushoto, hakutazama kulia, alielekeza bunduki kwenye tangi na kufyatua. Msichana akaanguka. Ukumbi ukalipuka, viti vikaanguka, Mkurugenzi akashuka ngazi huku amepanua mikono. Mimi nilipiga makofi. Nilipomgeukia dada yangu nikamwona amekaa, ameondoa mikono kwenye meza, anautazama ukuta wa mbao.

"Amenisikia," akasema.

"Nani?"

"Kinyozi. Hakumwona yule msichana. Hakukuwa na namna ya kumwona. Amenisikia mimi."

Nikasema kelele zilikuwa nyingi, nikasema wana hedifoni. Alinijibu kwa utulivu kwamba Kinyozi ana mazoea ya kusukuma hedifoni nyuma ya sikio moja ili azungumze na mwenzake wa jirani. Alijua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimkanya kila mara kwamba kwenye picha inamfanya aonekane kama mpishi aliyeweka kijiko sikioni. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wanamrusha Kinyozi juu. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi, na labda yeye.

Nilimshika mkono. Sikumwambia anyamaze, lakini mkono nilimshika, na yeye alielewa nilichokuwa ninaomba. Mbele ya macho yangu nilikuwa naona meza ya mapokezi ya kampuni ya bima.

"Mdogo wangu," akasema, "chuoni walitufundisha ujumbe ukishindwa kufika. Hawakutufundisha ukifika kwa asiyehusika." Kisha akavuta maikrofoni. "Watazamaji, raundi hii ina kasoro, na kasoro ni mimi. Nipeni dakika moja."

Alizunguka ule ukuta akaenda moja kwa moja kwa mwamuzi. Nilimfuata mpaka ukingoni mwa mbao nikabaki hapo. Alieleza kwa sentensi chache, bila kujitetea. Makofi yakapungua, yakafa kwa mafungu, kama mvua inayokatika.

"Redio, una wazimu?" Mkurugenzi akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwamuzi akamgeukia Kinyozi. "Nahodha, tafadhali. Ulisikia?"

Kinyozi alikuwa bado amebebwa. Akaomba ashushwe. Hedifoni ilikuwa shingoni.

"Nilisikia tangi," akasema. "Sikupanga. Mimi kazini ninasikiliza watu huku mkono unaendelea wenyewe. Nimesikia tangi, mkono ukaenda."

"Ungesema?" yule msichana wa wageni akauliza.

Kinyozi alijikuna ndevu. "Dada, hapo sijui. Huyu kaniwahi."

Watu wachache walicheka, na hicho kicheko kidogo kilisaidia. Mwamuzi akaamua raundi irudiwe. Redio akauliza kama anyamaze, na mwamuzi akafikiri. Nyaya hazikuweza kuhamishwa kwa muda ule, na wageni wa mfadhili walikuwa wamekwishasimama wakitazama saa.

"Tangaza kwa kunong'ona, tafadhali," akasema. "Mimi nitakaa upande huu wa mbao. Nikisikia neno moja, nazima."

Ndivyo dada yangu alivyotangaza raundi ya mwisho ya fainali, yeye aliyeitwa Redio tangu utotoni, amejifunika kichwa na maikrofoni kwa koti langu, akiongea kwa pumzi. Mimi niliyekaa goti kwa goti naye nilisikia kidogo tu. "Msichana amekwenda upande wa daraja... anasubiri... Kinyozi anajua anasubiriwa... hapana, hajui... sogea karibu, mtazamaji, hapa ni siri..." Maoni yakapungua kwenye skrini yangu. Nilidhani watu wameondoka. Kumbe walikuwa wameacha kuandika ili wasikilize.

Msichana wa wageni alishinda. Alimpata Kinyozi darajani, na safari hii hakuna aliyemsaidia mtu.

Mkurugenzi aliwaaga wageni wake mmoja mmoja mlangoni. Kwetu hakuja. Redio alikunja nyaya, akafuta meza, akazima feni, mambo ambayo hayakuwa kazi yake, na alipokosa kingine cha kufanya tukaondoka. Nyumbani alivua viatu na kulala bado kukiwa na mwanga.

Jumapili baada ya chakula Mjomba akaja, amevaa shati la kwenda kwa watu. Juu ya meza ya ushonaji palikuwa na suti ya bluu ambayo Mama alikuwa ameimaliza wiki hiyo, suti ya ofisini, vifungo vyote vimeshonwa na Redio mwenyewe bila kutangazwa. Mjomba akaketi, akapokea maji, akayanywa, akaweka bilauri chini.

"Sasa," akasema, "yule wa tangini. Ile mara ya kwanza. Alikuwa ameshamwona yule mwenzake au bado?"

Sote tukamtazama.

"Nini?" Mjomba akasema. "Nilimletea mama yenu simu asikie kazi ya mtoto wake mara moja kabla haijaisha. Hatukuelewa kitu. Watu wanapigana, sijui wapi, sijui kwa nini. Halafu ukaanza kunong'ona."

"Alizima cherehani," Mjomba akaongeza, akimwonyesha Mama kwa kidevu. "Na mteja yupo."

"Mteja naye alikuwa anasikiliza," Mama akasema. "Tulikuwa tumeweka vichwa juu ya simu kama tunaotafuta sindano."

Redio akacheka, kisha akafunika uso kwa mikono. Alimweleza Mjomba kwamba wameshindwa, msimu huenda umekwenda kwingine, na Mkurugenzi hata kwaheri hakumwambia. Kesho asubuhi anaweza kuwa hana ukumbi wala bima.

"Basi jibu lako ni rahisi," Mjomba akasema.

"Ni rahisi, Mjomba. Waambie nashukuru, lakini hapana."

Mjomba hakukasirika. Alionekana amechoka ghafla, kama mtu aliyebeba kitu kizito mpaka mlangoni akaambiwa nyumba siyo. "Unajua sitaweza kuwarudia."

"Najua."

"Na huna kitu mkononi."

"Sina. Ila jana nilikosea kwenye kazi hii, nikaumia mpaka mifupani. Sijawahi kuumia hivyo kwa kitu kingine. Nikienda kwenye ile meza ya mapokezi, Mjomba, nitakuwa napokea simu huku nawaza ule ukuta."

Mama aliinuka, akaichukua ile suti, akaitundika nyuma ya mlango. "Hata ukumbini watu huvaa suti," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Jumatatu Redio alikwenda ukumbini akiwa ameivaa, nami nikaenda naye kwa kuwa sikuweza kukaa na kitabu. Tulimkuta Mkurugenzi amekunja mikono ya shati, nyundo mkononi, jasho linamtiririka. Hakutusalimu.

"Timu ya wageni ilikuwa inaandika malalamiko kabla hujakiri," akasema akiendelea kupigilia. "Mwamuzi kaniambia. Wana sauti yako kwenye kanda, tangi, tangi. Ungenyamaza, leo ukumbi huu ungekuwa umefungiwa. Wewe na mdomo wako." Akachomoa msumari kati ya meno. "Msimu tunapewa kwa majaribio. Sharti mtangazaji asisikike. Na Kinyozi avae hedifoni kama binadamu."

Alikuwa amehamisha meza yetu mpaka stoo, mwisho kabisa wa jengo, chumba kisicho na dirisha kilichobaki na magodoro ya lile duka la zamani. Aliyasimamisha yote ukutani, na mengine akayapigilia nyuma ya mlango.

"Humo," akasema, "piga kelele mpaka uchoke."

Hivyo ndivyo alivyopata ajira. Alikaa ukumbini pale misimu kadhaa, kisha chama cha ligi kikamchukua, na siku hizi anasafiri nchi hii na ile kuwafundisha watangazaji wachanga. Mara nyingi ni vijana waliomaliza mawasiliano kama yeye, na redio hazikuwapigia simu. Huwaambia kazi zipo nyingi kuliko maikrofoni, kwamba kuna kuandika, kuna kuisemea timu, kuna kuwafundisha waoga kuongea, na kwamba kabla ya yote wagonge ukuta wasikie umetengenezwa na nini. Ana ofisi yenye vioo vizito. Tunaonana mara moja kwa mwaka, mwaka ukiwa mzuri. Kinyozi amefungua saluni kubwa na ndevu zimeanza mvi. Ukumbi ulifungwa, na nilipopita juzi nikakuta wamerudisha makabati.

Nikipita pale huikumbuka Jumatatu ile. Redio aliingia stoo na suti yake, akafunga mlango wa magodoro. Ndani palikuwa na joto kama tanuri. Mimi nilitumwa kwenye safu ya wachezaji nisimame pale palipokuwa na mbao, nisikilize kama sauti inapita. Nilitega sikio. Nilisikia feni, na vidole vya Kinyozi vikigonga vitufe. Kwenye simu yangu, iliyopokea picha ya kamera ya stoo, sauti ikiwa imezimwa, nilimwona dada yangu akirusha mikono, mdomo umefunguka wote, shingo imemtoka mishipa. Hakuna kilichonifikia. Nilikuwa sijawahi kuwa nyumba moja na yeye akiongea nisimsikie.

"Vipi?" Mkurugenzi akauliza. "Inapita?"

Nikamwambia angoje kidogo. Nikaendelea kusimama pale, nasikiliza.